Plakete Tupu

Mangobo, Kisangani
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu mpenzi Constant,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Claudine na watoto wote, kuanzia huyo mkubwa mwenye maneno mengi mpaka yule mdogo ambaye wakati wa matanga alilala mgongoni kwangu akakataa kushushwa. Je, mko wazima? Mto umeshuka huko Isangi, au maji bado yanaingia jikoni? Kikohozi cha Claudine kimekwisha? Na wewe mwenyewe, kifua chako kinasemaje? Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kujua kuliko yote. Nimeliweka nyuma kwa ajili ya adabu tu.

Mimi hapa ninasimama. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Asubuhi ninapeleka kwanga zangu za muhogo sokoni, mchana ninarudi, na nikiingia uani bado ninazunguka pembeni ili nisikanyage mahali kaka yetu, Yaya Noël, alipokuwa akigeuza baiskeli za watu miguu juu kuzitengeneza. Pampu yake nimeitundika ukutani. Juzi kijana mmoja alikuja kuuliza kama ninaiuza, nikamwambia hapana, naye akasema, bila ubaya, kwamba mwenyewe si alishakufa. Nilimpa maji ya kunywa akaenda zake.

Constant, nimekupigia simu tena na tena. Nikiuliza habari za watoto, unaongea vizuri. Nikitaja tu hospitali, unakata. Bon, barua haikatwi. Nimemwomba Yunus akuletee hii mkononi na akae karibu nawe mpaka uisome yote, na asiifungue kamba boti yake, ile baleinière, kabla hujamaliza. Unamjua Yunus. Tangu baba yake afanye biashara ya chumvi na baba yetu, watu wa nyumba ile wakikuahidi neno kwa jina la Mungu hawaligeuzi. Kwa hiyo keti, leki yangu, mdogo wangu. Claudine naye aketi.

Safari yake iliyopita, Yunus alinikabidhi mfuko kutoka kwako. Nilidhani ni samaki wa moshi, nikafurahi. Ndani nikakuta pakiti ya dawa, haijafunguliwa, na nyingine imebaki nusu. Yunus aliona haya kunipa ujumbe wako, akawa anaangalia miguu yake, lakini nilimshika mkono mpaka akausema. Alisema ulimwambia anirudishie sumu yangu. Ulisema aliyeimeza muda mrefu kuliko wote tumeshamzika, na wewe hutaki kuwa wa pili.

Sikukasirika. Ninajua maneno hayo yalikotoka, kwa sababu nilikuwepo yalipozaliwa. Ilikuwa matangani, chini ya turubai, mzee wetu tonton Hugues akiwa amekalia kile kiti cha plastiki kilichopasuka. Alisema damu ya mtu si maji ya bomba, na ukichota kila mwezi hata kisima kinakauka. Akauliza ile damu waliyokuwa wakimtoa Noël katika vichupa inakwenda wapi. Mmoja akasema inauzwa Kinshasa. Mwingine akasema hapana, inapanda ndege mpaka kwa wazungu. Halafu tonton akasimama, akakunja mkono wake kuonyesha ulivyokuwa mwembamba mkono wa Yaya, kama waya wa gurudumu la baiskeli, akasema: "Alors, mutu kama spoku ya kinga, munasema iko na mafuta mu damu? Mafuta gani? Ya mawese? Hata mu sahani yake hayakukuwako!" Watu walicheka, hata waliokuwa wakilia. Wewe hukucheka. Ulikuwa unaangalia viganja vyako, na mimi nikaona kwamba neno limeingia.

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na Mungu anajua ningependa nisiwe nalo.

Niruhusu nianzie nyuma kidogo. Unakumbuka visigino vya papa, baba yetu? Vile vinundu vigumu nyuma ya mguu, na vingine viwikoni, tulivyoviita mawe ya papa. Alipokuwa amelala tulikuwa tunavibonyeza kwa kidole kuona kama ataamka. Papa alikufa na kasia mkononi, kichwa chake bado cheusi. Baba yake naye hivyohivyo, akivuta wavu. Wakubwa walisema kuna mtu wa upande wa Yanonge aliyewafunga wanaume wa nyumba yetu kwa wivu, na tukakua tukiogopa jina la mtu yule, ambaye labda hakututendea chochote.

Noël alipoanza kuwa na vinundu hivyo, alikwenda hospitali kwa jambo lingine kabisa, kidole alichokibana kwenye mnyororo. Daktari Sébastien alitazama kidole, kisha akatazama kisigino, akamwambia avue viatu vyote viwili. Ndipo ikajulikana. Ni mafuta, alisema, mafuta ya ndani ya damu, ambayo ini la watu wengine linayasafisha na la kwetu linashindwa. Mtu anazaliwa nayo kama anavyozaliwa na pua ya babu yake. Mwembamba au mnene, haileti tofauti. Noël wakati huo, wewe unajua, alikuwa bado na miguu ya toleka, miaka ile yote ya kubeba abiria kwenye baiskeli toka Mangobo mpaka mjini, misuli kama kamba. Mafuta yalikuwa ndani humo humo.

Sikukuu ya Noeli ya mwaka ule ulikuja, tukachomwa sindano sote watatu. Damu yangu ilikuwa kimya, haina ugonjwa. Yako ilikuwa sawa na ya Yaya, hata mbaya zaidi kidogo. Na wewe ulikuwa tayari umeanza kushikwa kifuani ukivuta wavu, ingawa ulimficha Claudine.

Daktari alikuwa na dawa, inayoitwa statini, lakini si ya kuuza. Alikuwa na uchunguzi wake: watu wenye ugonjwa huu wapewe dawa bure, na kila mwezi watolewe damu kuona inabadilika namna gani. Sharti ni kukaa mjini. Wewe wa Isangi hukuweza. Dawa hiyohiyo ipo kwenye famasi za mjini, lakini si kwa mifuko kama yetu, mwezi baada ya mwezi mpaka kufa. Ulirudi nyumbani mikono mitupu. Noël alikusindikiza bandarini, na aliporudi hakula.

Halafu ilipita miezi kadhaa, na siku moja akaingia uani akipiga mluzi. Alisema daktari amelegea, anatoa pakiti mbili, moja yake na moja ya Isangi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Nilipika pondu ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, tukala kama sikukuu. Tangu siku ile, kila mwezi, mikono yangu hii ndiyo iliyofunga pakiti yako ndani ya plastiki, pamoja na sabuni na chumvi, nikampa Yunus.

Na kila mwezi Yaya alikudai umrudishie zile plakete zikiwa tupu, yale makaratasi magumu ambamo vidonge vinakaa. Unakumbuka? Ulicheka kwenye simu. Ulisema Yaya Noël amezeeka, anakusanya takataka kama kunguru. Yeye akakujibu kwamba daktari hataki watoto wazichezee. Ulizirudisha, umezifunga kwa uzi wa wavu. Niliziona. Nilimpa mwenyewe.

Jioni, baada ya kula, nilikuwa ninamletea maji katika kile kikombe cha kijani cha bati. Alikuwa anapeleka ngumi mdomoni, anatupa kichwa nyuma kama kuku anayekunywa, halafu anakausha midomo kwa mgongo wa mkono. Nilikuwa ninamcheka. Nilikuwa ninamwambia, kunywa, kuku wangu, usikohoe. Naye alikuwa anatikisa mabawa.

Alikufa akijaza upepo gurudumu la mwalimu mmoja wa hapa jirani. Mwalimu alisema alimwona amesimama, ameshika kifua kama mtu anayetafuta kalamu mfukoni, kisha akakaa chini taratibu. Tulipomfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda. Hayo unayajua. Ninayarudia kwa sababu sina mtu mwingine wa kumrudishia.

Sasa nisikilize vizuri.

Yunus aliponirudishia pakiti zako, nilikwenda nazo kwa daktari Sébastien. Nilitaka anipe maneno ya kukuambia, maneno ya mtu aliyesoma, kwa sababu yangu yamekwisha. Nikakuta naye alikuwa amenitafuta. Ile damu ya kila mwezi waliigandisha, ikasafirishwa Kinshasa yote pamoja, kwa sababu mashine ya kuipima vizuri hapa haipo. Majibu yalikuwa yamerudi siku chache nyuma. Yaya alikuwa ameshazikwa.

Alinikalisha, akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Alisema mafuta mabaya yakijaa kwenye damu yanashika kwenye kuta za mishipa, na kwa kukaa huko yanachacha, kama mawese uliyoyasahau juani. Lakini mwili una walinzi wake, vitu vidogo viitwavyo vimeng'enya, na mmoja wao anasafiri amepanda juu ya mafuta mazuri, kazi yake ni kuzuia hayo mabaya yasichache. Statini inapunguza mafuta mabaya, hilo linajulikana. Alichotaka kujua yeye ni kama inawaamsha pia walinzi. Kwa wagonjwa wake wengi, alisema, mafuta yameshuka na mlinzi amepata nguvu. Si kwa wote, lakini kwa wengi.

Kisha akafika kwa Noël. Miezi ya kwanza, alisema, damu ya Noël ilikuwa nzuri kuliko ya wote. Mafuta yalishuka, mlinzi akapanda. Ghafla yote yakageuka. Mafuta yakarudi yalikotoka, mlinzi akalala, na ikawa hivyo mpaka kichupa cha mwisho. Ni damu ya mtu asiyemeza kitu. Daktari alidhani labda katoni ile ilikuwa na dawa bandia, lakini wengine waliokula katoni ileile wako salama. Alimwita Khadija, muuguzi wa dawa, naye akaapa kwamba hakuna aliyekuwa mwaminifu kama papa Noël. Kila mwezi alileta plakete zake tupu, hazikupungua, zimefungwa vizuri kwa uzi wa kuvulia.

Constant, mimi nilikuwa bado sijaelewa. Nilisema, kwa ujinga wangu, labda mlichanganya plakete zake na zile za pakiti ya Isangi.

Daktari akaniuliza: pakiti gani ya Isangi?

Nikamwambia ile ya pili, ya mdogo wetu, ile uliyomkubalia. Alimtazama Khadija. Khadija alimtazama yeye. Kisha alivua miwani, akaiweka mezani, akasema kwamba hajawahi kutoa pakiti ya pili. Kwa mtu yeyote. Ilikuwa moja tu kila mwezi, ya Noël.

Sasa umejua. Nilitaka kunyamaza, nife nalo. Siku zile tatu za kwanza niliamua hivyo, kwa sababu nilijua litakulalia kifuani, na kifua chako si cha kubebeshwa. Lakini dawa ulikuwa umeshanirudishia. Ulisema zimemuua. Basi siwezi tena kunyamaza, mdogo wangu, kwa sababu ukimya wangu utakuua wewe.

Dawa hazikumuua Yaya Noël. Yaya Noël hakuwa akizimeza. Ulikuwa unazimeza wewe. Zile plakete alizokudai ndizo alizopeleka kwa Khadija kuonyesha kwamba amekula. Na kikombe cha kijani nilichokuwa ninamletea kila jioni, alikunywa maji tu, na ngumi yake ilikuwa haina kitu.

Nimejaribu kukumbuka ilianza lini. Nadhani ni baada ya ile simu ambayo Claudine alipiga akilia, kwamba umeanguka ndani ya pirogi, mtumbwi wako, na wavuvi wa Lokele wamekuvuta mpaka ufukweni. Wiki ileile ndipo aliingia akipiga mluzi. Hakuniachia neno lolote. Hakuwa na mke tena wala mtoto, wewe una wanne. Labda alihesabu hivyo, labda hakuhesabu kabisa. Simjui kaka yangu kama nilivyodhani. Mama ndiye aliyemjua. Unakumbuka tulipokuwa na homa, jinsi Noël alivyochukia uchungu wa kinini? Alikuwa anaificha shavuni, anatoka nje, anawatemea kuku. Siku mama alipoona kuku wanayumba, alianza kumsimamia. "Fungua kinywa! Inua ulimi!" Alikuwa anamshika kidevu mbele yetu sote, na sisi tunacheka mpaka tunaanguka. Mama angekuwa hai angemwambia hivyo kila jioni, hata na mvi zake. Mimi niliona haya kumwambia mwanaume mzima afungue kinywa.

Nilidhani daktari atakasirika. Sharti lake lilivunjwa, uchunguzi wake umeharibika. Aliniuliza jambo moja tu: huyo wa Isangi, yukoje? Nikamwambia kifua hakikukushika tena tangu mwaka jana. Nikamwambia kwamba matangani ulivua viatu, na mimi niliyekuwa ninabonyeza mawe ya papa niliona visigino vyako vimelainika, karibu vimekuwa vya mtu. Alivaa miwani yake tena. Alisema, basi dawa ilifanya kazi. Ilifanya kazi kwenye mwili mwingine.

Halafu akaniambia lile ambalo mwishowe limenifanya nichukue karatasi. Dawa hii haiponyi. Inazuia tu. Ukiiacha, mafuta yanarudi, kama yalivyorudi kwa Yaya. Na wewe umeshaiacha tangu mazishi. Kila siku unayokaa bila kumeza, unaitembea njia yake. Constant, mwanangu niliyekubeba mgongoni mama akiwa sokoni, ninakuomba. Ninapiga magoti huku nikiandika, karatasi iko juu ya kiti. Sitaki kuosha mwili mwingine. Mikono yangu haitaweza. Mungu ameniachia damu yenye kimya, na sasa ninaona kwa nini aliyepewa afya katika nyumba yetu ndiye aliyepewa adhabu: ni wa kubaki kuzika. Usinifanye nizike wa mwisho.

Pakiti zako nimemrudishia Yunus, ziko pamoja na barua hii, chini ya sabuni. Anza leo, mbele yake. Zikiisha hakuna zingine, lakini daktari amesema nafasi ya Noël katika uchunguzi iko wazi, na ni yako ukija kukaa mjini. Hawezi kuishika muda mrefu, kuna wengine mlangoni. Njoo na boti hii hii. Claudine na watoto watafuata, tutabanana. Usiniambie huwezi kulala kwenye kitanda chake. Nimekigeuza kielekee dirishani, nimeanika godoro, si kile kile tena. Baiskeli za watu ziko hapa zinasubiri mikono, na mikono yako aliifundisha yeye.

Na usiseme umemuua. Nimekuona tayari ukilisema, ndiyo maana ninakuwahi. Hukuomba, hukujua. Alikupa. Ukizitupa sasa, ndipo atakuwa amekufa bure, na hilo ndilo kosa pekee ambalo bado linaweza kuwa lako.

Tonton Hugues mwachie mimi. Nitakwenda kwake na samaki mzuri, nitamwambia mbele ya mke wake.

Nisalimie mama mkwe wako, na jirani yule aliyetuazima turubai. Mwambie mkubwa kwamba ile kengele ya baiskeli aliyoitaka kwa tonton Noël nimemwekea, aje aichukue mwenyewe. Yunus mpeni chai yenye sukari nyingi, amebeba mengi asiyoyajua.

Claudine, dada yangu, neno la mwisho ni lako, kwa sababu wanaume wa nyumba hii hawaaminiki na maji. Leo, kabla Yunus hajaondoka, na kila jioni Mungu atakayotupa: mpe kidonge, mpe kikombe, ngoja ameze. Halafu usione haya kama nilivyoona mimi. Mshike kidevu, watoto wakicheka wacheke. Mwambie afungue kinywa. Mwambie ainue ulimi.

Mimi dada yenu ninayewangoja bandarini,

Lydie